Mawe ya Kuzaliwa: Maana Yake, Asili Yake na Wajibu Wetu



Kwa muda sasa Ofisi ya Miradi imekuwa ikipokea maswali yanayofanana kutoka pande tatu. Vijana wa Kipaimara wanauliza kama ni kweli kwamba kila mtu ana jiwe lake la bahati kulingana na mwezi aliozaliwa. Kamati za sharika zinauliza kama kuna ubaya wowote kuweka pete na mikufu yenye mawe hayo kwenye mnada wa mavuno ili kuongeza mapato. Nao marafiki zetu wa ng'ambo, ambao wengi hupenda kurudi kwao na kijiwe cha tanzaniti, wanauliza jiwe hilo limetoka mikononi mwa nani na nani amefaidika nalo.

Mwanza ni mji wa mawe. Tumezungukwa na miamba, na wako akina mama wengi wanaolisha familia zao kwa kugonga kokoto milimani. Lakini mawe yanayoulizwa hapa ni ya aina nyingine, na kwa kuwa maswali yote matatu yanahusiana, tumeona ni vema tuyajibu kwa pamoja.

MAWE YA KUZALIWA NI NINI?

Ni desturi iliyoenea kutoka Ulaya na Marekani ya kuupa kila mwezi wa mwaka jiwe moja au zaidi la vito. Aliyezaliwa katika mwezi huo huhesabiwa kuwa jiwe hilo ni lake, na watu humpa kama zawadi ya siku ya kuzaliwa, ya uchumba au ya kuhitimu masomo. Kila jiwe limepewa maana yake. Orodha inayotumiwa na masonara wengi leo ni hii, nasi tumeongeza mahali ambapo jiwe hilo huchimbwa hapa nchini:

- Januari: ganeti. Uaminifu na ulinzi wa msafiri. Hupatikana bonde la Umba, mkoani Tanga.
- Februari: amethisto. Kiasi. Jina lake kwa Kiyunani lina maana ya "asiyelewa", kwa kuwa watu wa kale waliamini jiwe hili huzuia ulevi.
- Machi: akwamarini, jiwe la rangi ya maji ya bahari. Ulinzi wa mabaharia.
- Aprili: almasi. Uimara na upendo usiokatika. Huchimbwa Mwadui, mkoani Shinyanga.
- Mei: zumaridi. Matumaini na uzima mpya. Hupatikana karibu na Ziwa Manyara.
- Juni: lulu. Usafi wa moyo. (Kwa hakika lulu si jiwe, kwani hutengenezwa ndani ya chaza.)
- Julai: yakuti nyekundu, ambayo wafanyabiashara huiita rubi. Ushujaa. Huchimbwa Longido, na Winza mkoani Dodoma.
- Agosti: peridoti, na tangu mwaka 2016 spineli. Kuondoa hofu ya usiku. Spineli ya Mahenge, mkoani Morogoro, inajulikana dunia nzima.
- Septemba: yakuti samawi. Hekima. Hupatikana Umba, na Tunduru mkoani Ruvuma.
- Oktoba: opali na turmalini. Tumaini.
- Novemba: topazi na sitrini. Urafiki na nguvu.
- Desemba: feruzi, zirkoni na tanzaniti. Feruzi ilisemwa humkinga mpanda farasi asianguke. Tanzaniti huchimbwa Mirerani, mkoani Manyara, na si mahali pengine popote duniani.

Msomaji ataona jambo moja mara moja. Zaidi ya nusu ya miezi ya mwaka ina jiwe linalotoka katika ardhi ya Tanzania. Desturi ni ya ng'ambo, lakini mawe mengi ni ya kwetu, na wanaoyatoa chini ya ardhi ni ndugu zetu.

DESTURI HII ILIANZIA WAPI?

Wengi watashangaa kusikia kwamba mzizi wake uko katika Biblia. Katika Kutoka sura ya 28 Mungu anaagiza Haruni, kuhani mkuu, atengenezewe kifuko cha kifuani chenye mawe kumi na mawili katika safu nne, mawe matatu kila safu. Humo mna akiki, zumaridi, yakuti samawi, amethisto, yaspi na mengineyo. Katika Ufunuo sura ya 21 mawe kumi na mawili yanatajwa tena, safari hii yakiwa misingi ya Yerusalemu mpya.

Katika karne ya kwanza mwanahistoria Myahudi, Josephus, aliandika kwamba mawe kumi na mawili ya kuhani yangeweza kulinganishwa na miezi kumi na miwili au na nyota kumi na mbili. Karne chache baadaye Jerome, mwanazuoni wa Kanisa, aliyahusisha pia na mawe ya Ufunuo. Baadaye watu wenye uwezo huko Ulaya walikuwa na mawe yote kumi na mawili, wakivaa moja kila mwezi na kubadilisha mwezi ulipokwisha. Desturi ya mtu mmoja kuwa na jiwe moja la mwezi wake wa kuzaliwa ilikuja nyuma sana. Inaaminika ilianzia Ujerumani au Poland kati ya karne ya 16 na ya 18.

Orodha tunayoiona leo madukani ina umri mdogo zaidi. Iliwekwa mwaka 1912, wakati chama cha wauza vito wa Marekani kilipokutana Kansas City na kukubaliana juu ya jiwe la kila mwezi, ili wenye maduka wote wauze kwa mpango mmoja. Orodha hiyo ilirekebishwa mwaka 1952, ikaongezwa tanzaniti mwaka 2002, na spineli mwaka 2016.

Tufikiri kidogo. Katika orodha za zamani za Ulaya yakuti nyekundu ilikuwa ya Desemba na feruzi ilikuwa ya Julai. Orodha ya 1912 ilizibadilisha nafasi. Kama bahati ya mtu ingekuwa imo ndani ya jiwe, basi wote waliozaliwa Julai kabla ya kikao kile walikuwa wamevaa bahati ya wenzao wa Desemba bila kujua! Ukweli ni kwamba maana ya jiwe huwekwa na watu, na watu hao hao huweza kuibadilisha.

Turudi kwa Haruni, kwa sababu hapa pana fundisho ambalo wauza vito hawalitaji. Juu ya kila jiwe lilichorwa jina la mmoja wa wana wa Israeli. Haruni alipoingia patakatifu aliyachukua majina hayo juu ya moyo wake mbele za Bwana. Maandiko hayasemi kwamba mawe yalimletea Haruni bahati. Yanasema yalikuwa ukumbusho wa watu. Haruni hakuvaa jiwe lake mwenyewe. Alivaa majina ya wengine. Tunaomba wasomaji walishike jambo hili, kwa kuwa litatusaidia kujibu maswali yaliyobaki.

JINSI TANZANITI ILIVYOPEWA MWEZI WAKE

Historia ya tanzaniti inaonyesha wazi jinsi maana ya jiwe inavyotengenezwa.

Jiwe hili lilijulikana mwaka 1967 katika eneo la Mirerani, wilayani Simanjiro. Masimulizi ya nani aliliona kwanza ni zaidi ya moja. Serikali ya Tanzania inamtambua Jumanne Mhero Ngoma, naye Manuel de Souza, aliyekuwa akiishi Arusha, anatajwa kuwa miongoni mwa wa kwanza kulitafutia leseni. Kitaalamu ni aina ya madini ya zoisiti, na rangi yake ya buluu hutokana na chembe za madini ya vanadi. Mengi hutoka ardhini yakiwa na rangi ya kahawia. Hupashwa moto wa nyuzi kama 500 hadi 600 za sentigredi ndipo buluu ile inapojitokeza.

Mwaka 1968 kampuni ya Tiffany ya New York ilianza kulitangaza na kulipa jina la tanzaniti, kwa heshima ya nchi lilikotoka. Inasemekana jina la kitaalamu liliachwa kwa sababu katika masikio ya wasemao Kiingereza lilikaribia kusikika kama neno la kujiua, na nani atamnunulia mchumba wake zawadi yenye jina kama hilo?

Novemba 2001, baada ya mashambulizi ya Septemba nchini Marekani, gazeti la Wall Street Journal liliandika habari iliyohusisha biashara ya tanzaniti na kundi la al-Qaeda. Maduka makubwa, ikiwemo Tiffany, yaliacha kuiuza. Bei ilianguka, na walioumia kwanza ni wachimbaji wa Mirerani ambao hata hawakuwa na habari ya gazeti hilo. Februari 2002 wafanyabiashara na wawakilishi wa Tanzania walikutana Tucson, Arizona, wakatia sahihi makubaliano ya kufuatilia jiwe tangu mgodini hadi dukani. Serikali ya Marekani nayo ilieleza kwamba haikuwa na ushahidi kuwa kundi lile lilikuwa likitumia tanzaniti wakati huo. Mwaka huo huo chama cha wafanyabiashara wa vito cha Marekani kikaiweka tanzaniti kuwa jiwe la Desemba.

Hatusemi haya kwa kubeza. Hatua ile ilirudisha soko, na soko ni ugali wa watu. Tunataka tu ieleweke kwamba tanzaniti haikuwa jiwe la Desemba kwa sababu ya nyota wala malaika. Ilipewa Desemba katika jitihada za kuinusuru biashara.

Je, waliolichimba walipata nini? Mzee Ngoma alikumbukwa kwa namna kubwa uzeeni tu, mwaka 2018, Rais John Magufuli alipomtangazia zawadi ya shilingi milioni 100. Mzee huyo alifariki Januari 2019. Wachimbaji wengi wa Mirerani wamefanya kazi miaka mingi bila mshahara, wakilishwa na mwenye shimo na kungojea mgawo siku jiwe litakapoonekana. Mwaka 1998, na tena Machi 2008, mvua kubwa zilijaza maji katika mashimo na makumi ya wachimbaji wakapoteza maisha. Watoto wadogo walitumiwa kupenya njia nyembamba za chini ya ardhi, na kwa kazi hiyo wakaitwa "nyoka".

Yako pia mabadiliko mema. Aprili 2018 ulizinduliwa ukuta wa kilomita 24.5 kuzunguka eneo la machimbo ili kuzuia utoroshaji. Kuanzia mwaka 2019 masoko ya madini yalifunguliwa mikoani, la kwanza likiwa Geita, na mchimbaji mdogo akapata mahali pa kupima na kuuza mali yake kwa bei inayojulikana. Juni 2020 mchimbaji mwenye leseni ndogo, Saniniu Laizer, aliiuzia Serikali mawe mawili ya tanzaniti, moja la kilo 9.27 na jingine la kilo 5.1, kwa zaidi ya shilingi bilioni 7.7. Hata hivyo, kwa kila Laizer mmoja wako maelfu ambao hawajawahi kupata hata la kujengea nyumba.

ALMASI YA JIRANI ZETU

Kwa sisi wa Kanda ya Ziwa jiwe la karibu zaidi katika orodha ni la Aprili. Mwaka 1940 Mkanada John Williamson aligundua almasi Mwadui, katika nchi ya Wasukuma, kusini mwa Mwanza. Mwaka 1947 ilipatikana humo almasi ya rangi ya waridi yenye karati 54.5, naye Williamson akaitoa kuwa zawadi ya arusi ya Binti Mfalme Elizabeth wa Uingereza. Ilipokatwa ilibaki na karati 23.6, na mwaka 1953 ikawekwa katikati ya pambo la nguo lenye umbo la ua. Malkia alilivaa pambo hilo mara nyingi.

Dunia inalijua jina la aliyepewa almasi ile na jina la aliyeitoa. Jina la kibarua aliyeinua udongo ule halisemwi.

Tena wanaoishi karibu na mgodi hubeba hatari ambazo mvaaji hazijui. Novemba 2022 ukingo wa bwawa la tope la mgodi wa Mwadui ulipasuka, na tope likafunika mashamba na makazi ya vijiji jirani. Tukivaa almasi na kusema ina maana ya upendo usiokatika, ni haki tukumbuke pia wale walioamka siku ile na kukuta shamba halipo.

KWETU KUZALIWA KULIWEKEWA NINI?

Wapo wanaodhani kwamba tusipokuwa na mawe ya kuzaliwa tumepungukiwa. Si kweli. Kwa Wasukuma na majirani zao, mazingira ya kuzaliwa yaliwekwa katika jina. Mapacha huitwa Kulwa na Doto, na anayewafuata ni Shija. Mabula ni aliyezaliwa wakati wa mvua. Nyanzala ni aliyezaliwa wakati wa njaa. Ukisikia jina, umesikia habari ya nyumba ile na ya mwaka ule. Jina halinunuliwi dukani, na mwenye kipato kidogo hulipata sawa na mwenye kipato kikubwa.

Mapambo yenye maana yalikuwepo pia. Watemi walivaa kibangwa, yaani kipande cha duara cha gamba la konokono wa baharini, kilicholetwa na misafara kutoka pwani. Anayetaka kujifunza habari za watemi na mapambo yao anaweza kutembelea Makumbusho ya Wasukuma pale Bujora, Kisesa. Ndugu zetu wa pwani nao kwa muda mrefu wamevaa pete za fedha zenye akiki na feruzi, na wapo wanaochagua jiwe kwa kufuata nyota ya mtu. Elimu hiyo ya nyota ilijulikana nchi nzima kupitia marehemu Sheikh Yahya Hussein, aliyefariki mwaka 2011. Hivyo kijana wa leo anapokutana na "jiwe la mwezi wako", hapokei jambo jipya kabisa. Amezoea kusikia kwamba kitu kidogo kinaweza kubeba jambo kubwa.

Kitu kuwa ishara si kosa. Pete ya ndoa ni ishara, nasi tunaibariki madhabahuni. Shida huanza pale ishara inapogeuka kuwa nguvu, na nguvu hiyo inapotiwa bei.

BAHATI INAPOUZWA

Hapa tunaomba wasomaji watuvumilie, maana tunaingia katika jambo zito.

Katika mikoa yetu ya Mwanza, Geita, Shinyanga, Simiyu, Mara na Kagera, wapo watu wanaouza bahati kwa wavuvi, kwa wachimbaji, kwa wafanyabiashara na kwa wagombea. Huanza na vitu vidogo kama jiwe, hirizi au unga wa kunyunyiza shimoni. Mteja asipopata dhahabu au samaki, huambiwa kwamba dawa ilikuwa dhaifu na inatakiwa yenye nguvu zaidi. Ni kwa njia hiyo kwamba, hasa kuanzia mwaka 2007, ndugu zetu wenye ualbino waliuawa na kukatwa viungo, kwa uongo kwamba viungo vyao huleta utajiri. Mwaka 2008 mwandishi wa habari Vicky Ntetema, akiwa BBC, aliwaendea waganga kwa siri na kuonyesha wazi jinsi biashara hiyo ilivyofanyika katika kanda hii. Serikali ilifuta leseni za waganga Januari 2009, na Januari 2015 ikapiga marufuku wapiga ramli. Watoto walipelekwa kulelewa mahali palipolindwa, kama Shule ya Msingi Mitindo kule Misungwi na kituo cha Buhangija kule Shinyanga, wengine wakikaa miaka mingi mbali na mama zao.

Si mambo ya zamani tu. Mwaka 2024 mtoto wa miaka miwili mwenye ualbino aliporwa kwao wilayani Muleba, mkoani Kagera, na baadaye mwili wake ukapatikana. Miongoni mwa walioshtakiwa alikuwemo mtumishi wa kanisa. Hatuwezi kusema kwamba imani hiyo iko nje ya milango yetu.

Hatusemi kwamba anayevaa amethisto atakuwa muuaji. Hapana. Pete ya mwezi wa kuzaliwa ni kitu kisicho na madhara kwa wengi duniani. Tunachosema ni kwamba sisi tunaishi katika eneo ambalo neno "bahati" lina historia ya damu. Mwenye duka wa Ulaya anaposema jiwe linaleta bahati, anatania. Mtu akiyasema maneno hayo hayo katika machimbo ya Geita au kwenye mwalo wa wavuvi, yuko atakayeyachukua kuwa kweli. Martin Luther, katika kueleza amri ya kwanza, anatufundisha kwamba pale mtu anapoweka tumaini la moyo wake, hapo ndipo alipo mungu wake. Jiwe zuri ni kazi ya Muumba, na tunamshukuru kwa hilo. Lakini jiwe halisikii maombi.

Aidha, tuseme wazi mambo ambayo kila mzee wa kanisa anapaswa kuyajua. Ualbino ni hali ya kurithi, inayotokea wazazi wote wawili wanapompa mtoto vinasaba vyake, ingawa wao wenyewe wanaweza kuwa na ngozi ya kawaida. Mwenye ualbino si laana wala si dawa. Adui yake mkubwa ni jua, ambalo humletea saratani ya ngozi, naye anahitaji kofia pana, nguo za mikono mirefu, mafuta ya kukinga jua na nafasi ya mbele darasani kwa sababu ya uoni hafifu.

MAJIBU YETU

Kwa vijana wa Kipaimara: Hapana, huna jiwe la bahati. Una jina, ulilobatizwa nalo, na Mungu analijua. Ukipenda jiwe kwa uzuri wake, lipende. Ukiambiwa kwamba litakufaulisha mtihani au kukupatia mchumba, jua kwamba anayekuambia anatafuta fedha.

Kwa kamati za sharika: Mapambo ya vito yanaweza kuwekwa kwenye mnada kama mali nyingine yoyote, kwa masharti matatu. Kwanza, mnadi asitamke neno "bahati" wala "kinga". Pili, kamati ijue jiwe limenunuliwa kwa nani, na liwe na risiti halali, kwa kuwa jiwe lisilo na karatasi laweza kuwa la wizi au la magendo. Tatu, kama ni jiwe la nchini, mnadi aeleze lilikochimbwa na kazi ya waliolichimba. Hilo litachukua dakika mbili tu, na tunaamini waumini watatoa kwa moyo zaidi.

Kwa marafiki na wafadhili: Msiache kununua tanzaniti. Kususia kuliwahi kutokea mwaka 2001, na aliyeumia ni mchimbaji. Nunueni kwa wafanyabiashara wenye leseni, ulizeni jiwe limetoka mgodi gani, na dai risiti. Swali lenu lina nguvu kuliko mnavyodhani, kwa sababu muuzaji anayeulizwa na wateja kumi atamuuliza dalali wake, na dalali atauliza shimoni. Na kama mkitaka zawadi yenu ya siku ya kuzaliwa ifike mbali, fikirini kuambatanisha na bei ya jiwe sadaka ya kumnunulia kofia na mafuta ya jua mtoto mwenye ualbino, au kumrudisha darasani mtoto aliyetoka machimboni.

Kwa sisi sote: Tuanze kumwiga Haruni. Kila usharika unaweza kuandika majina ya watoto walio hatarini katika eneo lake, yaani wenye ualbino, wanaofanya kazi machimboni na mialoni, na waliofiwa na wazazi migodini. Orodha hiyo itunzwe kwa siri na Mchungaji na Idara ya Diakonia, isibandikwe ukutani, kwa ajili ya usalama wao. Majina hayo yaombewe, nyumba zao zitembelewe, na panapokuwa na tishio lolote taarifa ipelekwe mara moja kwa Mtendaji wa Kijiji na Polisi.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KAMATI

1. Katika usharika wetu ni vitu gani vinauzwa au kuvaliwa kwa jina la bahati au kinga, na nani anaviuza?
2. Je, tunawafahamu kwa majina watoto wenye ualbino katika mitaa yetu? Nani aliwatembelea mara ya mwisho?
3. Ni watoto wangapi wa waumini wetu wameacha shule kwa ajili ya machimbo au uvuvi, na tufanye nini ili warudi?
4. Katika mnada wetu ujao, ni nani atakayehakikisha masharti matatu yaliyotajwa hapo juu yanafuatwa?

Tunaomba kamati zijadili maswali haya katika vikao vyenu vya robo mwaka hii na kuleta majibu Ofisi ya Miradi kupitia kwa Wakuu wa Majimbo. Majina ya watoto yasiandikwe katika taarifa hizo. Idadi yao na mahitaji yao yanatosha kutuwezesha kupanga bajeti na kuwaeleza wafadhili wetu hali halisi.